Matanga ya Bwawa la Nairobi

Vijana wa Nairobi wanaopenda kupiga kafi wakiwa wamesimama juu ya ubao hufunga safari. Huenda Ziwa Naivasha, au hushuka pwani hadi hori la Kilifi na lile la Mida karibu na Watamu, ubao umekunjwa ndani ya mkoba wa mgongoni. Ukiwauliza kwa nini wasipige kafi papa hapa mjini, hujibu kwamba Nairobi haina maji yaliyotulia. Hawasemi kwa ubaya. Ndivyo wanavyoujua mji wao. Lakini kati ya Lang'ata na Kibera pana mahali panapoitwa Bwawa la Nairobi, na jina hilo hutamkwa kila siku na makanga na mawakala wa nyumba, kama watu watajavyo Karen bila kujiuliza Karen alikuwa nani. Wapitao huona uwanda wa kijani wakadhani ni malisho. Sisi tunaokumbuka kwamba yalikuwa maji, tena maji yenye mashua za tanga, tuna wajibu wa kueleza yalikwenda wapi. Na tueleze sawasawa, maana maelezo yanayosikika zaidi si ya haki.

Mwaka unaotajwa kuwa wa kujengwa kwa bwawa ni 1953. Tuukubali, kisha tuuache, kwa kuwa hautufunzi mengi kama kusudi la ujenzi wenyewe. Mto Motoine, unaotoka upande wa Dagoretti na kupita msitu wa Ngong na karibu na uwanja wa mbio za farasi, ulizibwa ili maji yake yawe akiba ya mji uliokuwa ukipanuka. Akiba ya kunywa. Jambo hili halisemwi vya kutosha, nalo ndilo mzizi wa hoja yote: waliolijenga bwawa waliutazama mto huo wakaona maji ya kutiwa mdomoni. Starehe ilikuja kama nyongeza. Palipo na maji safi yaliyotulia, watu hufuata bila kuitwa: wakaja wenye mashua na klabu yao, wakaja wenye ndoana, wakaja na wale waliotaka tu kuketi jioni mahali penye upepo huku ndege ndogo za uwanja wa Wilson zikipita juu. Maji ya bara yana harufu yake, isiyofanana hata kidogo na ya bahari. Hayana chumvi wala mwani. Hunukia udongo uliolowa, matete yaliyovunjwa na upepo, na ule ubaridi wa asubuhi za Julai ambao huingia puani kabla ya kuingia mwilini. Harufu hiyo ndiyo ya kwanza kupotea bwawa linapougua, na hupotea kabla jicho halijaona kasoro yoyote. Huanza uvundo mwepesi baada ya mvua, unaotulia jua likitoka. Kisha uvundo usiongoja mvua. Kisha ule mzito, mtamu kidogo, wa majani yanayoozea ndani ya maji machafu, ambao hung'ang'ania nguo hata mtu akishafika kwake. Majirani wa Bwawa la Nairobi wameishi katika hatua hiyo ya tatu kwa miaka mingi mno.

Nimeutaja ubao wa kafi kwa sababu, kwa maoni yangu, hakuna kipimo bora cha maji ya mjini kuliko huo. Ni chombo cha urefu wa mita 3 hivi, cha kilo 10 au zaidi kidogo, kinachojazwa upepo kwa pampu ya mkono hadi kikawa kigumu kama mbao. Mtu husimama katikati, miguu sambamba, magoti yamelegea, macho mbele. Hulichomeka kafi mbele ya vidole vya miguu na kulitoa linapofika kwenye kifundo. Kwa watu wa pwani kusimama hivyo si jambo la kushangaza, kwani mwenye mtumbwi kwenye maji mafupi husimama vivyo hivyo na upondo wake. Tofauti iko kwenye kuanguka. Anayejifunza ubao huanguka, na huanguka tena, na kila mara maji huingia masikioni, puani na mdomoni. Mashua inaweza kukatiza maji yasiyofaa na nahodha akarudi nchi kavu akiwa hajalowa hata kidole, lakini ubao haumfichi mtu. Kadhalika chini yake kuna pezi lenye urefu wa shibri moja, na pezi hilo hukamatwa na kila shina la gugu. Kwa hiyo swali la kama kijana anaweza kupiga kafi mjini mwake si swali la anasa. Ni kuuliza, kwa lugha nyingine, kama mto wa mji huo umebaki mto.

Basi nani aliyaua maji haya? Jibu la haraka, ambalo husemwa hata na watu wema, ni kwamba yaliuawa na Kibera. Ni kweli kwamba taka za Kibera hutelemkia bwawani. Mteremko ni ule ule uliokuwapo kabla ya nyumba. Lakini jibu hilo linaishia pale ambapo maelezo yangepaswa kuanza. Kinyesi hakiendi mtoni kwa sababu watu ni wachafu. Huenda mtoni pale ambapo hakuna bomba la kukipeleka kwingine. Na bomba halikuwekwa kwa sababu Kibera, kwa miongo mingi, ilihesabiwa kuwa makazi ya muda kwenye ardhi ya serikali. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa jeshi la kikoloni na waliishi hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walipata hati ya pamoja ya ekari 288 mwaka 2017. Zaidi ya miaka 100 ya kuambiwa kwamba upo lakini hupo! Mji uliwahitaji wakazi wa Kibera kila alfajiri, viwandani, kwenye majengo na jikoni mwa watu, ukawalipa ujira mdogo, kisha ukajifanya hauoni kwamba mwili unaofanya kazi unahitaji choo. Bwawa lilipokea kile ambacho mpango wa mji ulikataa kukipokea. Wala si Kibera peke yake, kwani Motoine hupita mitaa mingine kabla ya kufika hapo, na uchafu wa juu huwa haujiandikishi jina.

Wapo wanaolilaumu gugumaji, na kwao dawa ni mashine ya kuling'oa. Mmea huo wa maua ya zambarau ni mgeni kutoka bonde la Amazon, na hakuna anayebisha kwamba una nguvu za kutisha: pakiwa na joto na chakula cha kutosha, unaweza kujiongeza maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Lakini chakula hicho ni nitrojeni na fosforasi, na vitu hivyo viwili viliingia bwawani kwa mifereji ya maji taka. Gugu ni dalili iliyogeuka kuwa ugonjwa wa pili. Linafunika maji, linazuia mwanga na hewa, linakufa na kuzama, na mabaki yake yakichanganyika na matope yaletwayo na mvua, kina hupungua hadi bwawa likaanza kufanana na shamba. Na shamba likawa kweli. Watu wakapanda nduma, miwa na mboga juu ya kile kilichokuwa maji. Siwalaumu hata kidogo. Ardhi yenye rutuba katikati ya mji wenye njaa hailali bure. Ninachouliza ni hiki: mnunuzi anayechagua nduma nono sokoni asubuhi anajuaje zimenywa maji gani? Uchafu tuliodhani tumeutupa ulizunguka ukarudi mezani, na siku ambazo watu wa kujitolea wamekuja kung'oa magugu kwa mikono, wakapigwa picha na kuondoka, hazikubadilisha chochote huko mtoni unakotokea.

Kuna pingamizi moja ambalo ni zito kuliko hayo, nalo nalikubali nusu. Mashua zile zilikuwa za nani? Katika Nairobi ya 1953 Mwafrika hakuwa mwanachama wa klabu ya mashua. Alikuwa na kitambulisho mfukoni na saa ya kurudi kwake. Kwa nini basi tulilie mchezo wa mabwana? Nakubali kwamba tanga halikuwa letu. Lakini maji yalikuwa ya kila mtu, au yangekuwa. Baada ya uhuru mlango ulikuwa wazi kwa bwawa kugeuzwa mahali pa watoto wa Kibera, Highrise na Lang'ata kujifunza kuogelea na kuvua, watoto ambao hadi leo wengi wao huyajua maji kwa njia mbili tu, ya mtungi na ya mafuriko. Tulirithi kitu cha wachache na badala ya kukipanua tukakiacha kife, kisha tukajifariji kwamba hakikuwa chetu. Faraja hiyo inanikera kuliko ukoloni wenyewe, kwa kuwa hii ni yetu. Na anayesema mji maskini una mahitaji makubwa kuliko michezo hajaona kwamba bomba ni lile lile: litakalofanya maji yafae kuangukiwa na mwenye ubao ndilo litakalomwepusha mtoto wa ng'ambo ya bwawa na kipindupindu.

Miongo iliyofuata haihitaji maelezo marefu. Mwaka 1999 ukaanza mpango wa bonde la Mto Nairobi kwa ushirikiano na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, mji huu huu. Zikaja kamati, zikaja ahadi, ikaja tume ya mito. Majengo yakasogea ukingoni, na barabara kuu mpya ikapita jirani. Wakati huohuo miji mingine ilifanya kazi isiyo na mvuto: Copenhagen, ambayo bandari yake ilikuwa imechafuka kwa maji taka, ilijenga mabirika ya kuyahifadhi maji ya mvua kubwa yasimwagike bandarini, na mwaka 2002 ikafungua mahali pa kuogelea katikati ya mji, Islands Brygge. Si kwamba watu wa huko wanapenda maji kuliko sisi. Walianza na mabomba.

Sisi nasi tungeanza huko, juu kabisa, Dagoretti, tukishuka na Motoine nyumba kwa nyumba hadi Kibera, kabla ya mashine yoyote kugusa tope la bwawa. Ubao wa kafi hauhitaji kina kikubwa. Maji ya kiunoni yanautosha. Ukingo bado uko mahali pake. Na mto haujakauka: huingia upande mmoja kwa jina la Motoine, ukatokea upande wa pili kwa jina la Ngong, mweusi, ukielekea South B na Mukuru, ambako watu wengine wanaungoja.