Ndege ya Mtihani

Sisi tuliokulia Themi, Arusha, tulianza kuzijua ndege kwa masikio. Zikiondoka uwanja wa Kisongo kuelekea mashariki, zilipita kusini mwa mji zikiuacha Mlima Meru kushoto, na wakubwa wetu walijua kwa mlio tu kama ni Cessna ya injini moja au ya mbili. Ila sikumsikia hata mmoja akiuliza rubani hujifunzia ndege gani. Swali lililokuwa mezani ni ada itatoka wapi.

Waliotutangulia walikuwa na Soroti, kule Uganda, chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 njia ile ikawa nyembamba. Mwenye uwezo alimpeleka mwanawe uwanja wa Wilson, Nairobi, au Afrika Kusini. Mimi ukoo ulinichangia nikaenda Florida, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na huko ndiko nilikogundua kwamba ndege unayoifanyia mtihani ni habari nyingine kabisa na ile uliyojifunzia.

Sheria ya Marekani wakati ule ilikuwa hivi: anayetaka leseni ya urubani wa biashara kwa injini moja lazima afundishwe saa 10 kwenye ndege yenye vitu vitatu, yaani magurudumu yanayokunjwa, flapsi, na propela ambayo rubani anaweza kuibadilisha pembe akiwa angani. Siku ya mtihani wa vitendo aje nayo mbele ya mtahini. Kwa hiyo mwanafunzi alimaliza karibu mafunzo yake yote kwenye Cessna 172 ya kawaida, halafu mwishoni akahamishiwa Piper Arrow. Chuo nilichosoma kilikuwa na Arrow moja inayoruka. Ikiingia karakana, mitihani yote inasimama, lakini kodi ya chumba haisimami. Saa yake ilikuwa ghali kuliko ya 172, na umri wake uliuzidi wa wengi tuliokuwa tukiipigia foleni.

Hata hivyo niliipenda. Ilikuwa na mikono mitatu iliyopangana: mweusi wa nguvu za injini, wa bluu wa propela, mwekundu wa kuchanganya mafuta na hewa. Pembeni kulikuwa na kishikio cha gia, yaani cha kukunjia magurudumu, chenye umbo la gurudumu dogo, na taa tatu za kijani za kukuhakikishia kwamba magurudumu yako chini na yamejifunga. Taa zile zilikuwa na kisa chao. Ukiwa umewasha taa za dashibodi, zile za kijani hufifia ili zisikuumize macho usiku. Mchana wa jua kali, mwanafunzi aliyesahau kuzima taa za dashibodi huinamia dashibodi asione kijani hata kimoja, akaamini gia imegoma. Mwalimu wangu aliniwashia taa hizo makusudi, akanyamaza, akaniacha nihangaike kidogo hadi nilipokumbuka kuzungusha kirungu cha kuzizima. Sijawahi kulisahau somo lile.

Mtihani wenyewe una mambo mengi ya kugeuka na kupanda kwa mizani, ila kinachowatoa watu jasho ni kutua bila nguvu za injini. Ukiwa sambamba na barabara ya kurukia, mtahini anakutajia alama, unarudisha mkono mweusi nyuma kabisa, kisha unageuka nyuzi 180 na kutua. Kugusa kabla ya alama hakuruhusiwi, na ukiipita isizidi futi 200. Kwenye Arrow, gia ndiyo iliyokuwa breki yako. Ukiiteremsha mapema ndege inazama kama jiwe, ukichelewa unaelea hadi alama inabaki nyuma.

Basi nikarudi nyumbani na ujuzi wangu wa gia, na ajira za Kisongo zikanionyesha Cessna 206 na Caravan, ambazo magurudumu yake hayakunjwi kamwe. Za kukunja zipo hapo uwanjani, ATR za Precision Air kwa mfano, lakini kijana mgeni haanzii huko. Anaanza kwa kuwapeleka watalii Manyara, Seronera na Ndutu kwenye viwanja vya udongo. Saa nilizosumbukia kishikio cha gia zikakaa bila kazi miaka kadhaa. Mkono wa bluu, kinyume chake, ulinifaa tangu siku ya kwanza, kwa sababu 206 na Caravan zote zinao.

Mwekundu ndio niliolazimika kujifunza upya. Florida iko usawa wa bahari, na huko kabla ya kuruka unausukuma mbele kabisa, basi. Kisongo iko futi 4,550. Saa nane mchana, joto likifika nyuzi 26, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko karibu futi 7,000, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Ukiipa 172 mafuta kama ya Florida, inakohoa na kukimbia barabara nzima bila hamu ya kuinuka. Unapaswa kusimama mwanzo wa barabara, ukanyage breki, uweke nguvu zote, kisha uuvute mkono mwekundu taratibu huku ukitazama mizunguko ya injini ikipanda. Ikianza kushuka, unaurudisha mbele kidogo. Ni kazi ya muda mfupi sana, na hakuna aliyenitahini kwayo.

Kule Marekani, Arrow iliendelea kufanyiwa mtihani. Tarehe 4 Aprili 2018, huko Daytona Beach, Florida, Arrow ya chuo cha Embry-Riddle ilikatika bawa la kushoto ikiwa angani kwenye mtihani wa leseni ya biashara. Mwanafunzi na mtahini walifariki. Uchunguzi ulikuta ufa wa uchovu kwenye boriti ya bawa. Wiki tatu baadaye mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitangaza kwamba ndege ya gia ya kukunja si lazima tena kwenye mtihani huo. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya soko: zimebaki chache, zimezeeka, na kuzitunza ni gharama. Agosti mwaka huohuo hata zile saa 10 za mafunzo ziliruhusiwa kufanywa kwenye ndege yenye skrini za kisasa na otopailoti. Mwaka 2021 likafuata agizo la kukagua boriti za mabawa ya ndege nyingi za Piper.

Mpwa wangu akaenda Florida baada ya hapo. Siku moja akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Arrow umeshaanza?"

"Arrow ipi tena? Mtihani nafanyia hii hii 172 ya skrini."

"Na gia utakunja lini?"

"Nitakunja kwenye ATR, mjomba, Mungu akipenda."

Niliona wamemrahisishia. Aliporudi nikaona hesabu ni tofauti. Caravan mpya zina skrini zilezile alizosomea, na kwenye hizo yeye ananipita mbali; mimi nilizijifunza ukubwani kwa taabu. Lakini mkono wa bluu hakuwahi kuugusa, kwani 172 haina. Kila mmoja wetu alifika Kisongo na nusu ya kazi mkononi. Ya mwekundu nilimfundisha mwenyewe.

Siku hizi hata kusafiri si lazima sana: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, nacho kimenunua Cessna 172 za mafunzo. Tatizo ni kwamba 172 hizo hunywa petroli ya ndege, ambayo kwetu ni ghali na haipatikani kila kiwanja, wakati Jet A-1 ya Caravan ipo. Ningekuwa na fedha za kufungua chuo Kisongo ningenunua Diamond DA40 NG, inayotumia hiyo Jet A-1 na yenye tabo inayoilinda na wepesi wa hewa yetu. Kasoro yake ni kwamba ina mkono mmoja tu, kompyuta inafanya mengine yote. Kwa hiyo ningeazima 206 pia, wanafunzi wapate kuushika ule wa bluu kabla ya kuajiriwa.

Mzazi mwenzangu, kabla hujauza kiwanja cha Njiro kwa ajili ya ada, waulize wenye chuo ni ndege ngapi zinazoruka wiki hii, acha zile za kwenye picha. Uliza kama mtahini atapanda hiyo hiyo anayojifunzia mwanao, na ikiharibika wanayo ya pili au atasubiri. Kisha nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ukaulize jinsi leseni ya nchi hiyo inavyobadilishwa kuwa ya Tanzania. Hayo yakishajibiwa ndipo utume fedha.