Oya Boda, Taa Inawaka!

Najua nimepotea. Si mnajua tena mwisho wa semista: test mfululizo, kazi za makundi ambazo watu wawili wanafanya na kumi wanaandika majina, halafu boom lenyewe limeshakata. Leo nimesema silali kabla sijaandika hili jambo, maana limenikaa kichwani wiki nzima.

Limeanza na ubishi wa chumbani kwetu. Mjomba wake rumeti wangu kanunua gari la Kijerumani lililotumika. Lina zile taa nyembamba nyeupe za mbele ambazo ukiwasha tu gari na zenyewe zinawaka, jua kali au mvua. Mjomba kahangaika kuzizima kashindwa, sasa anataka fundi azikate waya. Rumeti akasema asithubutu, zile ni za kisheria, trafiki watamla kichwa. Mwenzetu wa kitanda cha juu akadakia: sheria gani, yale ni mapambo ya wenye hela! Basi wote wakanigeukia mimi, eti kwa kuwa nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, chochote kinachowaka ni changu.

Nilikwenda kusoma kidogo, na nikakuta kila mmoja ana kipande chake cha ukweli.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Taa za mchana si taa za paking, na si taa kubwa. Kazi yake si kumsaidia dereva kuona njia, kwa sababu mchana njia anaiona. Kazi yake ni dereva yule AONEKANE na wengine. Hapo ndipo watu wengi tunapochanganya. Tumezoea taa ni ya kuangazia, kama tochi, kwa hiyo tukiona inawaka saa sita mchana tunaona mtu anapoteza umeme.

Waliozianza ni watu wa kaskazini mwa Ulaya, na ukiangalia ramani unaelewa kwa nini. Kule majira ya baridi jua linachungulia tu kwa chini kisha linaondoka, na mchana mzima unakuwa kama saa kumi na mbili jioni ya kwetu. Finland ilianza mwaka 1972 kwa kuwataka madereva wawashe taa mchana kwenye barabara za nje ya miji wakati wa baridi. Sweden ikafuata mwaka 1977, na wao wakasema mwaka mzima. Kanada ikaja na njia nyingine. Badala ya kumlazimisha dereva akumbuke, ilikilazimisha kiwanda: gari jipya lililotengenezwa baada ya tarehe 1 Desemba 1989 lazima liwe na taa zinazojiwasha. Umoja wa Ulaya nao ukaweka sharti hilo kwa aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011, na malori na mabasi kuanzia Agosti 2012.

Kwa hiyo rumeti yuko sahihi kwamba ni sheria, ila ni sheria ya huko gari lilikotengenezwa, na inambana mtengenezaji. Hata Ulaya kwenyewe, mwenye gari la zamani lisilo nazo hakuambiwa akazifunge.

Sasa msidhani dunia nzima imekubaliana. Marekani wanaziruhusu lakini hawazilazimishi, na utafiti wa mamlaka yao ya usalama barabarani uliotoka mwaka 2008 haukuona tofauti kubwa ya jumla katika ajali. Austria ndiyo iliyonichekesha. Waliwalazimisha madereva kuwasha taa mchana mwishoni mwa mwaka 2005, na kufikia Januari 2008 wakaifuta sheria hiyo.

Na sisi je? Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika. Japani yenyewe haikuruhusu taa rasmi za mchana zenye mwanga mkali mpaka Oktoba 2016! Ndiyo maana ukisimama pale Sam Nujoma ukayahesabu magari yanayopita, mengi hayana kitu hicho, na yanapita kihalali kabisa. Mjomba asihofu kwamba yeye peke yake ndiye mwenye gari halali. Ila mimi nisingezikata. Zile za LED zinakula wati chache sana, wakati taa kubwa mbili za kawaida za halojeni peke yake ni wati 110. Anachookoa akizikata hakinunui hata vocha.

Tahadhari moja tu kwa mjomba. Taa za mchana kwenye magari mengi ni za mbele pekee. Giza likianza, dereva anaona mwanga mbele yake na dashibodi inang'aa, anadhani amewasha taa zote, kumbe nyuma ni giza tupu. Kanada tatizo hili liliwasumbua mpaka wakabadilisha kanuni: magari mapya kuanzia Septemba 2021 lazima taa za nyuma nazo ziwake, au gari lijiwashie taa zote giza likiingia, au dashibodi ibaki giza ili dereva ashtuke.

Haya, hayo ni ya magari. Sasa nije kwenye kilichonifanya nisilale.

Kaka yangu ni bodaboda huko nyumbani. Pikipiki yake ni ya Kihindi, ya zile ambazo ukipiga stata taa inawaka yenyewe. India waliweka sharti hilo kwa pikipiki mpya tangu Aprili 2017. Malaysia waliwataka waendesha pikipiki wawashe taa mchana tangu mwaka 1992. Na sababu ni ya msingi. Pikipiki kwa mbele ni nyembamba. Jicho la mwanadamu linakisia umbali na mwendo kwa ukubwa wa kitu na jinsi kinavyoongezeka, kwa hiyo kitu chembamba kinaonekana kiko mbali bado, mpaka kinapokuwa puani. Taa inamwambia mtu kuna kitu pale na kinakuja.

Lakini mnajua wenyewe ilivyo mtaani kwetu. Boda akipita mchana taa inawaka, kila mtu anamwonyesha ile ishara ya vidole, kukunja na kukunjua: taa! taa! Mama muuza vitumbua, konda wa daladala, mtoto wa darasa la pili, wote. Wanafanya kwa wema kabisa, wanadhani amesahau. Kaka aliniambia kwa siku anaonyeshwa mara mia, abiria naye akiwa nyuma anamgonga bega: "Kaka, taa." Akachoka. Akaenda kwa fundi akawekewa swichi ya kuizima. Akaongeza na sababu ya pili: inakula mafuta.

Mwaka jana, saa nne asubuhi, jua linawaka, gari dogo lilitokea barabara ya vumbi likaingia lami mbele yake. Dereva alisimama, akaangalia, akaingia. Maneno yake ya kwanza aliposhuka yalikuwa, "Ndugu yangu, sikukuona." Kaka alivunjika mguu wa kulia. Miezi minne kwenye magongo. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba, na bosi anataka hesabu yake mguu uwe mzima usiwe mzima. Mama aliuza mbuzi wawili, mimi nikagawa boom langu nikaishi kwa mihogo na chai ya rangi, na Mungu ni mwema, hatukuaibika.

Sitasema kwamba taa ingemwokoa. Aliyekosea ni yule aliyeingia barabarani, na hakuna mtu anayeweza kuirudisha ile asubuhi akaijaribu mara ya pili taa ikiwa inawaka. Lakini yule dereva aliangalia. Hakuwa kwenye simu, hakuwa amelewa, mashahidi walisema alisimama akageuza shingo. Mtu aliyegeuza shingo ndiye taa inayemtafuta.

Basi nikakaa nikapiga hesabu ya mafuta, kama ningemfundishia mwanafunzi wa kidato cha tatu. Taa ya pikipiki ni wati 35. Tuchukulie ni asilimia 15 tu ya nishati ya mafuta inayofika kwenye taa, mengine yanapotea kama joto. Kwa hiyo 35 gawanya kwa 0.15 ni wati 233 hivi. Kwa saa moja, yaani sekunde 3,600, ni karibu jouli 840,000. Lita moja ya petroli ina jouli kama milioni 32. Jibu: mililita 26 kwa saa. Akishinda barabarani saa kumi ni mililita 260, na tukiweka lita kwa shilingi 3,000, ni kama shilingi 780 kwa siku. Na hapo nimemkadiria kwa juu. Kwenye pikipiki nyingi ndogo ukizima taa umeme ule hauhifadhiwi popote, kile kidude chenye mapezi ya alumini wanachoita regulata kinaugeuza kuwa joto tu. Kwa hiyo swichi yake huenda haikuokoa hata hiyo 780.

Kuna jambo jingine linanisumbua, na hili nalileta kwenu. Nilipokuwa BTP nilifundisha shule moja ya kata pembeni ya Barabara ya Morogoro. Kila asubuhi watoto wanavuka lami wakiwa na mashati meupe na madaftari kichwani. Mtoto hana taa. Magari yote yakiwaka mbele, jicho la dereva si litazoea kutafuta taa tu? Asiye na taa atakuwa kama hayupo. Hoja ya namna hii ilikuwepo Austria pia, na mimi sioni kama ni ya kupuuza. Kwa hiyo ukiniuliza, nchi yenye jua kama hili isianze na magari. Ianze na pikipiki, ambazo ndizo hazionekani, na mwenye gari akumbuke kwamba kuwaka kwake hakumpi haki ya kutoangalia.

Na sisi wa pembeni ya barabara tuache ile ishara ya vidole mchana. Kweli kabisa. Sheria yoyote ikiandikwa leo, itashindwa na mama muuza vitumbua anayemhurumia kijana kwa betri yake.

Kaka amerudi barabarani tangu mwezi wa nne. Nilimpigia nikamsomea hesabu yote, jouli kwa jouli. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa ticha, nimekuelewa. Sasa hiyo mia saba na themanini utakuwa unanirushia wewe kila asubuhi?" Tukacheka sana. Lakini swichi bado hajaitoa, na mama hajui kwamba ipo.

Nitampigia tena Jumapili. Kwa sasa ngoja nikapige msuli, kesho asubuhi nina test na bado mada mbili sijazigusa. Mliomo barabarani, muwe na safari njema.

Alamsiki.