Mchoro wa Jicho na Mchoro wa Moyo

Majumbani mwetu mtoto achoraye jahazi likafanana na jahazi husifiwa. Achoraye uso mrefu kama mlingoti, macho yameshuka mashavuni, huambiwa aache upuuzi. Tungependa sisi wazazi tuitafakari hukumu hiyo kwa kuwatazama wachoraji wawili Waislamu.

Wa kwanza ni Osman Hamdi Bey wa Istanbul (1842–1910), aliyepelekwa Paris kusomea sheria akarudi na brashi. Katika picha yake ya mwaka 1906, mzee mwenye joho jekundu amesimama karibu na dirisha, zumari ameishika nyuma ya mgongo, na kobe wako miguuni pake wakila majani. Vigae vya ukutani, mikunjo ya joho na nuru ya dirishani vimechorwa kwa uaminifu hata mtu hutamani kuvigusa. Lakini tukikawia kutazama twajiuliza: ni nani awezaye kumfunza kobe kwa zumari? Wengi wameiona picha hiyo kuwa ni fumbo la mwalimu na subira yake. Basi hata picha ya dhahiri ina batini yake.

Wa pili ni Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa Qur'ani, na chuoni kwa baba ndipo alipojifunza khati juu ya ubao. Alirudi kutoka masomoni London mwaka 1957, akaonyesha picha zake Khartoum. Watu hawakuvutiwa nazo. Akazunguka nchini mwake akitazama nakshi za wenyeji, kisha akaanza kutia herufi za Kiarabu katika picha. Herufi zikafumuka, na ndani yake zikatoka nyuso ndefu, wanyama na ndege wa ndotoni. Mwaka 1975 alifungwa bila ya kuhukumiwa. Huko gerezani alichora kwa siri juu ya vijikaratasi akivifukia mchangani. Alipotoka, alizoea kuanza picha kwa kipande kimoja kidogo, akakiunga na vingine mpaka ikaenea ukuta.

Nyuso za El-Salahi hazifanani na za jirani yeyote, lakini aliyewahi kuhuzunika huzitambua.

Twajua kwamba wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu kuchora viumbe, na kila nyumba ina msimamo wake tunaouheshimu. Hata hivyo, binti aliyechora nyumba isiyo na mlango, au bahari iliyo juu ya mbingu, ana haki ya kusikilizwa. Tusimuulize, "Hiki nini?" kwa sauti ya kukaripia. Tukae karibu naye tumwambie, "Haya mwanangu, nieleze." Huenda amechora jambo ambalo bado hajalipatia maneno. Tukilipuuza leo, kesho atatuchorea jahazi zuri, na lile la moyoni atalificha.