Mboga za Mlangoni na Amana ya Ulimi

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kusikia kwamba mkaaji wa Ifakara analetewa mboga hadi mlangoni kwa malipo. Bonde la Kilombero ni bonde la neema. Upande mmoja iko milima ya Udzungwa inayotuteremshia mito, na upande wa pili uko mto Kilombero wenyewe, ambao masika hufurika ukatuachia udongo wenye rutuba, kisha ukaenda kukutana na Luwegu ukawa Rufiji. Mchele wa hapa unasifika kwa harufu yake hata Dar es Salaam. Mtu wa mahali kama hapa akionekana ananunua fungu la mchicha, wazee wetu wa zamani wangemcheka.

Lakini mambo yamegeuka. Mji umekua, na pale palipokuwa bustani nyuma ya nyumba leo pana chumba cha kupangisha. Mimi mwenyewe nilijenga vyumba viwili juu ya bustani ya mke wangu, na magoti yangu hayanipeleki tena shambani. Basi tukawa wanunuzi, na mnunuzi hula asichokijua. Dawa za wadudu huandikwa kwenye chupa zake idadi ya siku za kungoja baina ya kunyunyiza na kuchuma. Je, mwenye haraka ya soko hungoja? Nyanya haisemi ilinyunyizwa lini.

Siku moja baada ya sala ya Ishaa, jirani yangu alinieleza kwamba wako vijana wanaolima bustani karibu na mto Lumemo bila dawa za dukani wala mbolea ya viwandani. Hutumia samadi na mboji, na wadudu huwafukuza kwa maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Ukiwapigia simu Alhamisi, Ijumaa asubuhi hukuletea kapu kwa baiskeli. Nikapatana nao shilingi elfu saba kwa kapu moja: mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu, na kisamvu au majani ya maboga.

Nakiri kwamba tulifurahi. Mchicha wa kwanza ulikuwa na matundu matundu ya wadudu. Mimi nilikunja uso, lakini mke wangu alicheka akaniambia, "Baba watoto, hayo matundu ndiyo mashahidi wake. Mdudu hakufa, nawe hutakufa." Tukala, na ladha ilinikumbusha bustani ile niliyoijengea vyumba.

Masika yakaingia. Mvua ikanyesha siku nyingi, Lumemo ukajaa, lakini makapu yakaendelea kuja kila Ijumaa kama kawaida. Siku moja mke wangu alitoa mafungu ya mchicha, akayapanga juu ya meza, akanyamaza. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Tazama. Hauna tundu hata moja. Na siku zote hufungwa kwa kamba ya mgomba, leo umefungwa kwa nailoni. Huu ni mchicha wa sokoni."

Ghadhabu ilinipanda. Si kwa sababu ya zile elfu saba, bali kwa kuona nimefanywa mjinga ndani ya nyumba yangu. Nikakumbuka khabari ya sahaba Hakim bin Hizam, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu watu wanaomjia kutaka bidhaa ambayo yeye hana, naye huwauzia kisha akaenda kuinunua sokoni. Mtume (S.A.W.) akamkataza kuuza asicho nacho. Nikajiambia, hii ndiyo kesi yenyewe! Nikaazimia kwamba baada ya sala ya Ijumaa nitasimama nje ya msikiti niwatahadharishe watu na vijana wale kwa majina yao.

Mke wangu hakunipinga. Alikwenda ndani akarudi na daftari lake la matumizi, akaniwekea mbele yangu. "Kabla hujakwenda," akasema, "soma hapa." Nikasoma. Tulikuwa hatujalipa makapu matatu. Kila kijana alipofika nilimwambia, "Njoo wiki ijayo, mwanangu," naye alijibu, "Haya mzee," akaondoka na baiskeli yake. Fedha ninayo, kodi ya vyumba ilikuwa imekwisha ingia. Nilichelewesha kwa uzito tu wa mkono, na kwa kujua kwamba kijana mwenye adabu hamdai mzee.

Sikwenda kusimama nje ya msikiti. Nilimpigia kijana simu, akaja jioni amelowa mvua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa, ujikaushe. Mwanangu, mchicha huu umetoka wapi?"

Alitazama chini kwa muda. Kisha akasema, "Sokoni, mzee. Bustani yetu yote imekwenda na maji. Tuliogopa tukisema hatuna, wateja watatukimbia, nao ndio tunaowategemea kwa mbegu. Na fedha nyingine ziko kwa wateja wenyewe." Hakusema ni wateja gani. Hakuhitaji kusema.

Ndugu msomaji, hapo nilijiona nimeketi kitako katikati ya Sura ya 83, Al-Mutaffifin, ambayo nimeisoma tangu utotoni nikidhani inawahusu wenye mizani sokoni. Sura ile haimtaji mpimaji anayepunguza peke yake. Huanza kwa kumtaja mtu yule yule akiwa anapokea: akijipimia kutoka kwa watu hutaka kipimo kamili, na akiwapimia wao hupunguza. Maonyo ni ya mtu mwenye mizani mbili, moja ya kupokelea na moja ya kutolea. Sisi wa bonde hili tunaijua mizani hiyo. Mkulima wa mpunga anaijua lumbesa, gunia linaloshindiliwa na kuongezwa kilemba juu yake hadi likapita kiasi, naye hulipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo ya nchi yetu imeikataza, na sisi sote huilaani. Lakini mzee anayedai mchicha safi, kamili, kwa wakati, kisha akakaa na fedha ya kijana wiki tatu, amefanya nini kama si lumbesa ya mlangoni? Mtume (S.A.W.) ametuagiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la kijana huyu lilikuwa limekauka, likaloweshwa na mvua, likakauka tena.

Sisemi kwamba kosa langu lilihalalisha kosa lake. La hasha! Kilimo cha namna hii hakionekani kwa macho. Nchi za Afrika Mashariki zilipitisha kanuni moja ya mazao ya kilimo hai mwaka 2007, na iko alama ya Kilimohai inayowekwa juu ya mazao yaliyokaguliwa; hata wakulima wadogo huweza kujiunga katika vikundi na kukaguana wao kwa wao. Huo ni utaratibu mwema, na nimewashauri vijana hawa waufuate. Lakini hata alama huwekwa kwa mkono wa mtu. Anayenunua mboga za namna hii ananunua neno la mwuzaji kabla ya kununua majani, na neno likiharibika, mchicha wote umeharibika hata kama ni mbichi. Nilimweleza hivyo kijana, na nikamkumbusha kisa cha mtu wa sokoni Madina, ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka yake akakuta umajimaji ndani. Mtu yule alisema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione.

"Basi nawe," nikamwambia, "mvua si kosa lako. Iweke juu watu waione."

Kisha nikahesabu elfu ishirini na moja mbele yake, nikamwomba radhi. Kuomba radhi kwa kijana aliye umri wa wajukuu wangu kulikuwa kuzito kuliko kutoa ile fedha. Alipokea kwa mikono miwili. Halafu akafanya jambo ambalo sikumwagiza: aliniomba kiberiti changu cha taa, kwa kuwa giza lilikuwa limeingia na umeme umekatika, akaketi barazani akawapigia simu wateja wake mmoja mmoja, akawaambia ukweli. Nilimsikia. Wengine walimjibu vizuri. Wawili walimtukana wakavunja mapatano, naye akasema tu, "Sawa mama, nisamehe."

Ijumaa iliyofuata kapu lilikuja dogo, bei nusu: kisamvu na majani ya maboga kutoka kiunga cha juu, ambako maji hayakufika. Ndani yake palikuwa na kipande cha karatasi: "Vya kwetu ni hivi tu." Tulipika kisamvu kwa nazi, na sikumbuki chakula kilichonikaa vizuri tumboni zaidi ya kile. Nami siku hizi fedha ya kapu huiweka juu ya kabati la mlangoni tangu Alhamisi usiku, nisije nikasingizia kuisahau.

Ndugu zangu, imepokewa kwamba Muislamu akipanda mche, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Tusiwaharibie vijana wetu sadaka yao kwa kuwacheleweshea haki yao, nao wasiiharibu kwa ulimi. Kila mmoja wetu, kabla hajakwenda msikitini kumtaja mwenzake, na aanze kwa kufungua daftari la nyumbani kwake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa na mizani moja, ya kupokelea na ya kutolea. Amin.