Kulitafuta Gari la Baba Mkubwa

Watu wengi huonyeshwa nyumba walimozaliwa. Dada yangu hana nyumba ya kuonyeshwa. Yeye alizaliwa ndani ya gari, mwezi wa Aprili 1973, njiani kutoka Uru kwenda Hospitali ya KCMC, Moshi. Ilikuwa usiku, na mvua ya masika ilikuwa inanyesha. Gari lilikwama kwenye tope. Kina mama wawili waliokuwa nyuma walimzalisha mama humo humo, kwa mwanga wa kurunzi.

Gari hilo lilikuwa Land Rover ya baba mkubwa. Lilibeba kahawa, ndizi, maharusi na wagonjwa. Baadaye ikaja shida ya mafuta na vipuri. Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea. Kupata tairi moja kulichukua miezi. Mwaka 1984 baba mkubwa akaliuza kwa mfanyabiashara wa Mto wa Mbu. Nasikia siku lilipoondoka hakula chakula cha jioni.

Mwaka 2011 baba mkubwa alikuwa mzee sana. Dada akasema, "Nataka nilione gari hilo, nimletee habari zake angali anasikia." Basi tukaanza kulitafuta.

Je, wewe utalitafutaje gari lililouzwa miaka 27 iliyopita? Usitegemee namba iliyo mbele na nyuma. Hiyo hubadilika. Gari letu liliondoka nyumbani na namba inayoanza na TZ. Baadaye zikaja namba za T, tarakimu tatu na herufi tatu. Usitegemee injini pia, maana injini hutolewa na kuwekwa nyingine. Tafuta namba ya chesisi. Chesisi ni ile fremu ya chuma iliyo chini ya gari, inayobeba kila kitu. Namba yake imegongwa kwenye chuma chenyewe.

Kadi ya gari ilikwenda na mnunuzi. Lakini mama mkubwa hatupi karatasi. Katika sanduku lake la bati tulikuta hati ya kununulia gari ya mwaka 1967. Namba ya chesisi ilikuwapo: tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Dada aliinakili kwenye daftari, akaisoma mara tatu.

Tulifika kwanza Arusha, kilomita kama 80 kutoka Moshi. Ukitaka habari za Land Rover nenda kwa mafundi wa Arusha. Fundi mmoja mzee alituuliza swali moja tu: "Macho yake yako wapi?" Alikuwa na maana ya taa. Land Rover za zamani zina taa katikati, zimekaribiana kama macho ya bundi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kilizihamishia pembeni, kwenye madigadi. Ya kwetu ilikuwa ya macho ya katikati.

Fundi huyo alitueleza pia kwa nini magari haya yanadumu. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, Amsterdam, nchini Uholanzi. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, ambayo haioti kutu kama chuma. Lakini chesisi ni ya chuma, na kutu huila. "Kama gari lenu limekaa umasaini kwenye ukavu," alisema, "chesisi inaweza kuwa nzima. Lingekaa Tanga, ningewaambia mrudi nyumbani."

Kutoka Arusha tulipita Makuyuni mpaka Mto wa Mbu. Mji huu uko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Maji yanashuka kutoka kwenye ukingo huo, na migomba imestawi kama ya kwetu. Hapo utauziwa ndizi nyekundu, tamu sana. Yule mfanyabiashara alikuwa amekwisha kufariki. Mwanawe alitupokea vizuri, akatupa chai, akasema gari waliliuza Engaruka. Mwaka aliokumbuka yeye haukulingana na ule aliokumbuka mkewe. Tukawaacha wakibishana.

Engaruka iko kama kilomita 60 kaskazini. Siku zile barabara ilikuwa vumbi na mawe. Upande wa kushoto ukingo wa bonde unasimama kama ukuta. Mbele unaonekana Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamasai. Ni volkano hai, na ililipuka mwaka 2007 na 2008. Engaruka yenyewe ina magofu ya mashamba ya kale, yenye matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia maji. Wakulima hao walihama zaidi ya miaka 200 iliyopita. Ningependa kukueleza zaidi juu yao, lakini siku ile macho yetu yalikuwa yanatafuta taa za katikati.

Tuliikuta chini ya mgunga, inapakiwa magunia ya maharage. Rangi ilikuwa nyingine. Injini ilikuwa ya dizeli, na ya kwetu ilikuwa ya petroli. Nyuma kulikuwa na mabenchi mapya ya mbao. Mwenye gari, mzee wa Kimasai, alisikiliza habari yetu yote bila kusema neno. Kisha akamwita utingo alete mafuta ya taa na brashi.

Utingo aliingia chini upande wa kulia, mbele, karibu na sikio la springi. Alisugua grisi na matope ya miaka mingi. Akaanza kusoma namba kwa sauti, moja moja. Dada alikuwa amesimama na daftari lake. Kila tarakimu ikisomwa anaweka alama. Ya saba ilikuwa imeliwa kidogo na kutu, ikasomwa mara mbili. Zote nane zililingana, na herufi pia.

Dada alipanda nyuma, akakaa sakafuni kimya.

Niliuliza bei. Mzee alicheka. "Mwanangu, wiki iliyopita limempeleka mama mjamzito zahanati. Nikiuza, watapanda nini?" Dada alinitazama. Sikuuliza tena.

Tulirudi Mto wa Mbu na gari hilo hilo, juu ya maharage. Nauli tulilipa kama abiria wengine.