Mkono wa Tano

Kwa miaka kumi na miwili nilichora bahari ambayo sikuwahi kuiona. Kazi yangu hapa Eldoret ni kuandika mabango, lakini wenye hoteli hupenda ukuta wenye mawimbi, mnazi na jabali moja. Nilifuata kalenda: bluu ya kopo juu, bluu ya kopo chini, nyeupe katikati. Mkono mmoja wa rangi, nalipwa, naondoka kabla haijakauka.

Agosti moja msiba ulinishusha Mombasa, safari ya kilomita karibu 800, kutoka mwinuko wa mita 2,100 hadi ufukweni. Baada ya mazishi nikaenda Mama Ngina, bustani iliyo kando ya bahari. Kusi ilikuwa ikivuma. Nikaketi juu ya majabali yale ya matumbawe, jiwe lile lile ambalo Wareno walijengea Fort Jesus kuanzia 1593, na aibu ikanishika. Jabali halikuwa jeusi. Kichwani lilikuwa jivu lililopaushwa na chumvi, kiunoni kahawia ya sukari guru, miguuni kijani cha mwani. Povu, penye kivuli, lilikuwa zambarau! Nikamwonyesha mzee mmoja mvuvi kazi yangu kwenye simu. Akaitazama, akanirudishia.

"Mwanangu, bahari hii imelala?"

Tangu hapo sikushika tena kopo moja. Naanza na wekundu wa udongo wetu wa Uasin Gishu, turubai nzima, hata mahali pa maji. Nasubiri ukauke, na kwa baridi ya Julai huku, rangi ya mafuta haina haraka. Kisha bluu nzito, kisha kijani kilichozimuliwa, nikiuacha wekundu uchungulie. Jabali nalijenga kwa kisu, rangi nene, kama mwashi anayetupia plasta. Povu nalipiga kwa brashi kavu, nguvu ikitoka begani, si vidoleni. Kwenye mkono wa tano ndipo maji huanza kusogea. Claude Monet alipokwenda kisiwa cha Belle-Île, Ufaransa, mwaka 1886, aliyarudia majabali yale yale turubai baada ya turubai; sasa namwelewa.

Ukuta wa siku moja umekuwa picha ya wiki tatu. Mke wangu bado anapiga hesabu.

Mwezi jana nilimwomba mwenye hoteli moja karibu na steji aniruhusu kuifuta bahari yangu ya zamani, nimchoree nyingine bure. Alikataa. Wateja, alisema, wameizoea.