ZAMU YA USIKU, sehemu ya 9: Mama aliyeitwa Kupona

Wangapi hapa Arusha mmeshangilia mpira pale Sheikh Amri Abeid bila kujua kwamba uwanja ule umepewa jina la mshairi? Ndiyo, mshairi. Kaluta Amri Abeid alikuwa meya wa Dar es Salaam, akawa waziri, lakini mwaka 1954 alishatoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi ambacho wasomi wa Kiswahili bado wanakirejea. Kijana wa bodaboda nilipomwambia hivyo alidhani namtania. Basi leo naongelea washairi na makaratasi yao. Vumilieni kidogo, tutafika wodini.

Enzi za Malkia Victoria kule Uingereza kulikuwa na mshairi anaitwa Elizabeth Barrett. Mgonjwa wa miaka mingi, muda mwingi yuko chumbani kwake London, maumivu anayatuliza kwa afyuni maana ndiyo dawa waliyokuwa nayo. Januari 1845 mshairi mwenzake, Robert Browning, akamwandikia barua. Akajibu. Mpaka Septemba 1846, walipooana kwa siri na kukimbilia Italia, walikuwa wameandikiana barua zaidi ya 570. Leo zinatunzwa Chuo cha Wellesley, Marekani. Na si barua tu, hata mlango wa nyumba ya baba yake, wenye tundu la kupitishia barua, uko hukohuko chuoni. Mlango, jamani! Watu wamevusha mlango bahari nzima kwa sababu barua zilipita hapo. Elizabeth alifariki 1861.

Sasa njooni pwani yetu. Miaka hiyohiyo, upande wa Lamu, kulikuwa na mama mzaliwa wa Pate, Mwana Kupona binti Msham. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu aliyekataa kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Alifariki 1856. Mwaka 1858 mjane huyu, naye akiwa mgonjwa, akamtungia utenzi binti yake, Mwana Hashima. Kwenye mwaka 1860 hivi akafariki.

Shuleni utenzi ule kwangu ulikuwa wa kujibia mtihani tu. Nimeusoma tena ukubwani, nikiwa nesi, nikakuta kitu ambacho darasani hatukukigusa: mle ndani kuna maelezo ya mgonjwa. Anasema ameugua mwaka mzima. Anamwita binti asogee karibu na wino na karatasi. Halafu anaanza kumpa: dini, adabu, ukweli, usafi wa mwili na nyumba, namna ya kuishi na mume, namna ya kuishi na watu. Na akimaliza kuusia, anamwomba Mungu amponye. Yaani anaaga na anaomba kupona kwenye maneno hayohayo. Wagonjwa wangu wengi wako hivyohivyo, ila sisi wazima ndio tunaowalazimisha wachague kimoja.

Najua kina dada mtanirukia kuhusu zile beti za kumtii mume. Hata mimi hapo sikubaliani na bibi yetu. Nimefunga vidonda vya wanawake waliovumilia kupita kiasi, sihitaji kufundishwa. Lakini ninachokiangalia leo ni kwamba mama mgonjwa alitaka kusema, na binti akakaa akasikiliza.

Yeye hakupata watu wa kumbebea mlango. Utenzi wake umetufikia kwa sababu wengine waliushika kichwani, wengine wakaunakili kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Lamu kulikuwa na Muhamadi Kijuma, fundi wa hati nzuri, aliyenakili tenzi nyingi, nyingine akizinakili kwa ajili ya wasomi wa Kizungu. Alice Werner aliuchapisha utenzi wa Mwana Kupona 1917, kisha tena 1934 akiwa na William Hichens. Makaratasi ya wasomi hao yako SOAS, London. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina miswada ya zamani ya Kiswahili, mingi imekusanywa na J.W.T. Allen, aliyezunguka pwani akiitafuta majumbani mwa watu.

Haya, wodini sasa. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili mtu asitambulike.)

Tulikuwa na bibi mmoja kutoka kule juu, kwenye migomba na kahawa, mlimani Meru. Moyo umechoka, miguu imevimba. Kila saa za usiku akianza, "Mwanangu, lile shamba la chini..." binti yake anamkatiza: "Mama, acha maneno hayo, utapona." Usiku wa tatu nikajikuta nawaza, mshairi wa watu aliitwa Kupona, na hakuna aliyemziba mdomo kwa jina lake.

Faili la bibi lilikuwa nene. Presha ipo, mkojo umepimwa, dawa zote zimeandikwa na saa zake. Maneno yake hayakuwemo hata moja. Si kazi ya faili, naelewa.

Nikamwita binti korido. Nikamwambia, "Dada, kumsikiliza hakumuui. Mwache aseme, wewe andika." Akalia kidogo. Asubuhi akaenda duka la nje ya geti, akarudi na kaunta buku.

Msidhani bibi alitunga beti. Alianza na madeni: nani anamdai, yeye anamdai nani, hela yake ya kikoba imebaki kiasi gani. Ng'ombe aliyempa jirani amtunzie. Mpaka wa shamba, kutoka mti gani mpaka mfereji gani. (Nilimwambia binti, na nyie nawaambia: daftari peke yake halitoshi kuwa wosia wa kisheria, ya shamba pelekeni kwa mwanasheria mkiwa na mashahidi.) Kisha yakaja ya wadogo zake wawili wasiosalimiana tangu msiba wa baba yao, na hapo bibi akahamia Kimeru. Binti akauliza, "Mama, hiki nakiandikaje?" Bibi akamjibu, "Andika unavyokisikia."

Alipomaliza akataka asomewe. Akasahihisha. Ng'ombe si yule mwekundu, ni mwenye madoa. Tarehe mmeandika? Wekeni tarehe.

Bibi aliruhusiwa baada ya siku 11, akiwa anatembea mwenyewe polepole. Daftari alilishika kwapani, hakumwachia mtu. Ila wakati yuko ndani anavaa, nilimkuta binti amekaa benchi la nje, kaunta buku magotini, anapiga picha ukurasa mmoja mmoja kwa simu, haraka haraka, kabla mama hajatoka.

Sehemu ya 10 Jumapili, Mungu akipenda: vidonda vya miguu kwa wenye kisukari.